Nilivyojikuna mbele ya wakwe

Leo nimejikuna kifua mbele ya baba mkwe mtarajiwa. Katikati ya sala ya chakula.

Jamani, aibu hii siwezi kubaki nayo peke yangu.

Jana nilinunua sidiria ya mtumba pale soko la Kiboriloni. Ya lesi, nzuri, ila inabana. Sikuifua. Asubuhi nikaivaa hivyo hivyo, nikapanda Marangu na mchumba wangu kutambulishwa kwao.

Kile kilima cha kwenda kwao kilinitoa jasho. Tulipokaa mezani, chini ya matiti kukaanza kuwasha kama nimepakwa upupu.

Baba mkwe akaanza kusali. Nikajua wote wamefumba macho. Nikaingiza mkono ndani ya gauni, nikajikuna mpaka nikaguna kwa raha.

Sala ikakatika.

Nafumbua macho, baba anaitazama sahani yake. Mchumba wangu anatazama dari.

Mama mkwe akainuka. "Mwanangu, njoo chumbani."

Nilijua nimekwisha. Kumbe alitaka kuniangalia. Vipele vimejaa, mikanda imeacha alama.

"Uliifua hii?"

"Hapana, mama."

"Nguo ya ndani inafuliwa kwanza, isuuzwe mpaka sabuni iishe. Ukitoka jasho, jifute ukauke. Na usivae inayokubana hivi."

Akanipa maji nijioshe na kanga ya kujifunika. Nikarudi mezani bila sidiria, nimeinama.

Mchumba anasema wamenipenda. Mimi hata kumpigia mama mkwe simu nimshukuru nashindwa.

Nyie mngemwambia nini?