Beseni la Kukingia Oili Chafu

Mke wangu alikwenda kwao Bunda kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Mimi nilibaki Musoma na kigereji changu nyuma ya nyumba, na kila lori lililotoka Bunda nilikuwaga nalichungulia kama yumo.

Nilimwandikia kwamba debe langu la kukingia oili chafu limetoboka. Wiki iliyopita dereva wa lori akaniletea beseni jeupe, lenye maua, kutoka kwa mke wangu. Kumbe ananiwaza! Beseni la maua, na mimi zuzu nikalikingia oili.

Jana mwenyewe akashuka kwenye lori, mtoto mgongoni. Nikamkimbilia.

"Baba Magesa," akaniita. Mara ya kwanza kuitwa hivyo, machozi yakanilenga. "Lile beseni nililotanguliza liko wapi? Mtoto aoge."