Biberoni ya Marcelline

Hebu mwambie Mama Marcelline wa mtaa wa Mapendo kwamba chombo chake hakijatakata, uone! Volkano ilipolipuka mwaka 2002, hofu ilimkausha maziwa, na binti yake Daniella alikuwa bado mchanga. Msamaria mwema mmoja akampa biberoni, chupa ya kunyonyeshea mtoto, ya plastiki ngumu. Kwa kuogopa kipindupindu, akaiosha vile anavyoosha sufuria: akaisugua ndani kwa mchanga mweusi wa volkano, kisha akaichemsha, ikatokota weee. Watoto wa majirani walizikwa. Daniella akanenepa.

Daniella alipoiacha, biberoni ile ikakaa ndani ya kitenge, na kila mgeni lazima aonyeshwe. "Aliinyonya mpaka akaanza masomo," Marcelline alijigamba, "na hakuharisha hata siku moja!"

Mwaka 2025 waasi wakauteka mji wao wa kando ya ziwa. Mabomba yakakauka, watu wakachota maji machafu ziwani. Daniella naye sasa alikuwa mama, lakini matiti yalimvimba yakatunga usaha, na mwanawe Sikuli akalia njaa.

"Usilie, mwanangu," Marcelline akamwambia Daniella, akifungua kitenge. "Hii njo ilikuponesha."

Mchanga tena, moto tena. Sikuli akashiba.

Siku Daniella alipokwenda zahanati kusafishwa kidonda cha titi, Marcelline alimsindikiza, akaitoa biberoni mbele ya muuguzi Umuhire, kwa mbwembwe. Umuhire akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa imekwaruzika na kufifia kabisa. Marcelline akangoja sifa.

"Mama, hii plastiki ni ya zamani. Ukiisugua na kuichemsha hivi, kemikali yake inatoka, inaingia mu maziwa. Tumia kikombe na kijiko."

"Inamufanya nini mutoto?"

"Inaweza kusumbua mwili wenye ungali unakomaa. Lini, namna gani, siwezi kukuambia."

"Mungu wangu! Basi ningeacha kipindupindu kimuchukue?"

"Hapana, Mama. Kuchemsha maji ulifanya vizuri. Shida ni hii chupa. Na huyu mutoto ameitumia siku chache tu, usihangaike sana."

Marcelline akashusha pumzi. Akaitupa biberoni kwenye ndoo ya takataka, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mjukuu.

Daniella alikuwa ameketi kando, amempakata mwanawe.

"Na miye, Mama?" akauliza. "Miye niliinyonya mpaka lini?"

Jibu hilo Marcelline aliwaambia wageni wote miaka yote ile, kwa kujigamba. Sasa akamwangalia binti yake, kisha akaifunika ile ndoo ya takataka kwa kitenge.