Maji Niliyokuwa Nikijazia

Mume wangu alistaafu kazi ya kuhudumia matangi ya samaki katika hoteli za Dar es Salaam. Wenzake walirudi makwao na magodoro na majokofu. Wa kwangu alishuka hapa Tabora na tangi la kioo, gunia la chumvi ya bahari na samaki wawili wa rangi ya chungwa. Nilimwambia mbele ya majirani zetu wa mtaa wa Cheyo kwamba amechanganyikiwa. Alicheka tu.

Kila Jumapili tukitoka kanisani alichota ndoo mbili za maji tangini, akazimwaga, akarudishia mbili mpya alizokwisha kuzikorogea chumvi. Kabla ya hapo aliweka maji kidogo ya tangi kwenye kichupa, akadondoshea dawa, akaangalia rangi. Ikiwa njano, naitreti, yaani sumu itokanayo na uchafu wa samaki, iko chini na samaki wako salama. Ikielekea wekundu, mavi ya samaki na mabaki ya chakula yamezidi. Mimi nilikuwa nikisonya. Nimekulia nyumba ambayo mtungi haumwagwi, unajaziwa. Ukimwaga maji yanayoonekana masafi, unachapwa.

Kisha kiharusi kikampata. Upande wa kulia ukapooza, na maneno yakaisha. Daktari alisema nimtafutie kitu cha kumtia hamu ya kuishi. Tukageuza kitanda kikaelekea tangi. Samaki wakija mbele ya kioo, alimeza uji. Wakijificha nyuma ya jiwe, hata kijiko kimoja hakipiti. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba siku wakifa wale, na yeye sina tena.

Nilianza vizuri, kila Jumapili. Halafu kumgeuza, kumwosha na kumfulia kukanilemea, ikawa kila baada ya wiki mbili. Halafu mwezi. Halafu nikajiona nimepata akili: joto la kiangazi lilipunguza maji ya tangi, nami nikawa najazia ya bomba mpaka kwenye alama, basi, kama mtungi wa mama yangu. Maji yalikuwa meupe pe. Vichupa vya dawa nikavitupia kabatini. Kila Jumapili mgonjwa aliinua mkono wa kushoto akaonyesha ndoo, nami nikadhani anataka kuogeshwa. Nikamwogesha, huku nikimgombeza kwamba ananichosha.

Utando wa kahawia ukaota kwenye mawe, kisha samaki wakaanza kuhema harakaharaka. Nikampigia simu rafiki yake waliyefanya naye kazi Dar.

"Shemeji, maji unabadilisha kila baada ya siku ngapi?"

"Sibadilishi. Najazia."

"Shemeji, mchuzi ukiuacha jikoni, kinachopungua ni maji. Chumvi inabaki. Na uchafu wa samaki ni hivyohivyo, hauondoki na joto. Unaondoka kwa ndoo."

Nikatoa vichupa, nikadondosha dawa. Nyekundu tupu. Ndipo nikaelewa ule mkono wa Jumapili, nikakaa sakafuni.

Rafiki yake alikuwa amenionya nitoe maji kidogo kidogo, ndoo moja leo, nyingine keshokutwa, kwa sababu samaki walishauzoea ule uchafu na badiliko la ghafla lingewaua. Nilimsikia. Haki ya Mungu nilimsikia. Lakini mimi nikiingiwa na hofu siwezi kutulia. Nilimwaga karibu tangi zima mchana uleule, mbele ya macho ya mume wangu. Alikuwa akipigapiga godoro kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia, "Tulia, mzee wangu, nakuokolea samaki wako."

Asubuhi yake walikuwa wamelala ubavu kwenye mchanga.

Ningeweza kusingizia umeme, ulikuwa umekatika usiku na pampu ya hewa ya tangi ikazimika. Nilikaa kando ya kitanda nikamwambia ni mimi: nilichofanya miezi yote ile, na nilichofanya jana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikapika uji, nikausogeza mdomoni. Akakaza meno. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikalia. Hakunitazama. Alitazama yale maji mapya, hayana kitu ndani.

Tulimzika kabla mvua hazijaanza. Msibani watu walinishika mkono, mmoja baada ya mwingine, wakisema nilimtunza vizuri. Nikawaambia asante.