Baiskeli ya Gia Mbili na Mama wa Mishamo

Baiskeli yangu ni ya zamani kuliko ndoa yangu. Niliachiwa na mjomba, aliyekuwa katekista, naye alipewa na padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Haina breki za mkono wala waya wowote. Kila kitu kimo ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma. Ukirudisha pedeli nyuma kidogo tu, gia inabadilika: moja ya tambarare, nyingine ya mlima. Ukikandamiza nyuma kwa nguvu, inafunga breki. Mimi ni fundi cherehani hapa Mpanda, na wateja wasioamini huwa nawapa waijaribu nyuma ya duka. Karibu kila mmoja hucheka miguu inapopata wepesi ghafla bila mkono kugusa kitu.

Mwaka juzi gia ya mlima ikapotea. Nilirudisha pedeli nyuma mara kumi, ikabaki nzito vilevile. Mafundi wa mjini walinishauri nifunge gurudumu jipya la kawaida. Mmoja alikiri kwamba angeweza kuifungua habu, ila kuirudishia hakuwa na uhakika, na kwa ukweli huo nilimheshimu. Nikaamua kufanya nilichofanya kila mwaka: nililegeza nati za pembeni nikashindilia grisi nzito ya magari. Haikusaidia. Nikaanza kuzunguka njia ndefu ili kukwepa vilima, na mke wangu akaligundua hilo kabla sijamwambia.

Dada yake ameolewa Mishamo. Alipotupigia simu kutualika ubatizo wa mjukuu wake, mke wangu alimweleza habari za baiskeli kwa kirefu kuliko habari zetu wenyewe. Shemeji akasema jirani yake, mama mjane anayelima maharage, aliwahi kufanya kazi na marehemu mumewe, fundi baiskeli, enzi Mishamo ilipokuwa makazi ya wakimbizi. Basi baiskeli ikapandishwa juu ya basi, ikaenda ubatizo pamoja nasi.

Kesho yake asubuhi tukaipeleka. Yule mama alikuwa na umri wa kunizaa. Aliitikia shikamoo yangu huku macho yake yakiwa kwenye gurudumu. Aliliinua, akazungusha pedeli, akasikiliza. Kisha akatandika gunia uani, akafungua habu na kupanga vyuma kwa mstari, kila kimoja kilivyotoka, akatukataza kuvuka gunia lile. Ndani grisi ilikuwa imeganda kama nta.

"Nani ameweka hii?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, umeipenda mpaka umeiziba pumzi."

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini, na mimi, pamoja na aibu yangu, nikacheka pia. Mama akatuonyesha vijino vidogo vinavyopaswa kuinuka na kulala vyenyewe, vikisukumwa na springi nyembamba. Vilikuwa vimenata. Hakuna kilichovunjika. Tukaosha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Alipoona vidole vyangu vimezoea sindano, akanikabidhi zile springi. Grisi akaipaka kidogo kwenye gololi peke yake. Vile vijino akavidondoshea mafuta mepesi, akanieleza kwamba hata ya cherehani yanafaa. Miaka yote hiyo yalikuwa mezani kwangu.

Gurudumu lilipofungwa nilishika usukani nipande, lakini akanisogeza taratibu. "Nitaijaribu mimi kwanza."

Hakuwa amepanda baiskeli tangu mumewe afariki. Alikaza kitenge, akayumba hatua chache, kisha akanyooka kuelekea kilima cha kanisani. Chini ya mteremko tuliona miguu yake ikisita, ikirudi nyuma kidogo, halafu ikaanza kuzunguka haraka haraka. Gia imeingia. Watu waliokuwa wakipalilia maharage wakainua migongo kumtazama. Alipanda bila kusimama, akapotelea upande wa pili.

Tukasubiri. Muda ulipokuwa mrefu, shemeji akaanza kumfuata kwa miguu, na mimi nikawaza mambo mabaya. Hajafika mbali, yule mama akatokea juu ya kilima, akashuka ameikanyagia pedeli nyuma, mgongo umenyooka, akasimama mbele yetu pasipo kuburuza mguu. Alieleza kwamba alipitia kumsalimu rafiki yake, kwa kuwa leo hapakuwa mbali.

Ndipo nikapewa zamu. Nilipanda kilima kile mara tatu bila sababu yoyote. Mara ya nne alipanda mke wangu, na aliporudi alitaka kujua kama mama yule anajua mahali panapopatikana nyingine kama hiyo. Mama alifikiri kidogo, akasema yuko mzee mmoja kijiji cha pili ambaye yake imening'inia darini. Tulikwenda siku hiyohiyo, mke wangu akikanyaga pedeli, mimi nimekaa kwenye keria.