Baba Kapewa Nyumba

Juzi kwenye basi la Erdington, hapa Uingereza, kiti cha mbele yangu, muuguzi mmoja Mtanzania alikuwa akimsomea mwenzake barua ya mama yake. Baba yake, mbunge wa miaka kumi, anagombea tena. Wagombea wote ni wa chama kimoja, hivyo hutofautishwa kwa picha, na safari hii kwenye karatasi ya kura kapewa alama ya nyumba. Mpinzani wake kapata jembe.

"Wakulima wale watachagua jembe tu! Baba kwisha."

"Na zahanati aliyowapigania?"

"Dada, zahanati haina picha pale. Mama anasema kura ni Jumapili hii, tumwombee."

Mwenzake akaigeuza bahasha, akautazama muhuri wa posta, kisha akanitazama mimi. Kwa tarehe ya muhuri, Jumapili hiyo ilishapita wiki mbili. Muuguzi alikuwa ameshafumba macho, midomo ikimcheza. Hatukumkatiza. Ndivyo tunavyoishi huku: hofu zetu huanza wakati nyumbani wenzetu wameshafuta machozi.