Alhamisi za Chumba cha Vitabu, Rumonge

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitabu kilichokatika mgongo. Mkuu wa chumba cha vitabu cha kanisa letu hapa Rumonge, ambaye sote tulimwita Bwana Mhifadhi, alikiweka mezani mbele yangu, akavua miwani, akauliza, "Unaona nini?"

"Kitabu kibovu, Bwana."

"Angalia tena."

Nikaangalia. Kurasa zilikuwa zimelegea, jalada limeachana na karatasi, na katikati palikuwa na doa la mawese lililopenya mpaka maandishi ya upande wa pili yalionekana. Nikasema kwamba kilikuwa kichafu pia.

Hakucheka. "Hiki kimesomwa," akasema. "Vile vinavyong'aa kule juu, hakuna aliyevigusa. Utafanya kazi na hivi."

Nilikuwa msichana wakati huo, nimetoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kivu, na nilidhani kazi ya vitabu ni kukaa kwenye kiti. Ninyi mnaosoma kwenye simu huenda hamjawahi kuona kitabu kikishonwa, kwa hiyo nieleze kidogo. Kitabu kizuri hutengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa pamoja, kundi moja moja, na makundi hayo tuliyaita mafungu. Kitabu kikivunjika mgongo, unayatoa mafungu yote, unayasafisha, kisha unayashona upya, fungu kwa fungu. Uzi wetu ulikuwa uzi wa nyavu. Niliununua sokoni kwa Mzee Ramadhani, Mwislamu wa mji huu aliyeuza vifaa vya uvuvi. Gundi tuliipika wenyewe kwa unga wa muhogo, tukitia maji ya mwarobaini ili mende wasiile. Kitabu kikishapakwa gundi kinalazwa chini ya ubao, juu yake mawe mazito, mpaka kikauke. Na doa la mawese? Unasaga chaki, unainyunyizia, unaiacha inywe mafuta, kesho yake unaipangusa kwa kitambaa. Halitoki lote. Bwana Mhifadhi alisema lisitoke lote, ili msomaji wa pili ajue kwamba kuna mwenzake aliyepita hapo.

Vitabu vilivyovunjika mgongo vilikuwa karibu vyote riwaya za Kikristo. Mafafanuzi ya Biblia watu waliyasifu, lakini walichobeba kwenda nyumbani ni riwaya: mjane anayefukuzwa na mashemeji, mlevi anayerudi kwa mkewe, binti anayeomba kazi miaka na miaka. Na mimi nilizipenda hivyo hivyo. Nilizisoma nikisubiri gundi ikauke, nikalia, nikaficha uso kila Bwana Mhifadhi alipopita. Siku moja alisimama karibu yangu akasema taratibu, "Lia tu, mwanangu. Ila usilowanishe karatasi."

Ndiye aliyeanzisha Alhamisi. Kila Alhamisi mchana, soko likishapoa, wanawake waliouza mawese na ndagala, dagaa wa ziwa letu, walikuja chumbani, wananawa mikono kwa sabuni kwenye beseni mlangoni, wanakaa kwenye mikeka, na mimi nawasomea sura moja ya riwaya. Wengi hawakujua kusoma. Sura ikiisha, kila mmoja alitaja jambo moja la kumshukuru Mungu. Bwana Mhifadhi aliweka masharti: liwe la leo hii, na liwe dogo. Ukisema unashukuru kwa uzima au kwa kuamka salama, alikukatiza: "Hilo ni letu sote. Taja la kwako."

Kwa hiyo nilisikia mambo ambayo sijayasoma kitabuni. "Leo mvua ilianza nikiwa nimeshaanua ndagala zangu." "Leo muteja ameniita kwa jina langu." "Leo mukwe wangu amecheka, yule asiyecheka!" Hata Mzee Ramadhani, ambaye hakuwa wa dini yetu na hakuingia chumbani, nilipokwenda kununua uzi aliniuliza kwanza, "Mama, yule mujane wa kitabu chenu walimurudishia nyumba yake?" Nikimjibu kwamba bado, alitikisa kichwa siku nzima.

Mmoja wa wale wanawake alikuwa Mama Zawadi. Alivuka ziwa kutoka Kivu wakati wa vita, akiwa na watoto watatu, akafika ufukweni na mmoja, Zawadi. Hakulizungumza jambo hilo. Aliuza ndagala, na jioni alihudhuria darasa la watu wazima lililofanyika mle mle chumbani, akijifunza herufi na kidole chake kikinuka samaki. Alikuwa mkali. Riwaya ikimkera, aliiambia usoni.

Bwana Mhifadhi alistaafu, akarudi kwao milimani, na nafasi yake ikachukuliwa na mama mmoja msomi, mtaratibu, aliyesimamia kazi za wanawake katika makanisa yetu ya pwani yote. Tulimwita Mama Mratibu. Wakati huo nilikuwa nimeolewa, nimefiwa na mume, na nina binti mmoja, Furaha. Tangu alipozaliwa hakuna aliyeniita kwa jina langu tena. Nikawa Mama Furaha, kanisani, sokoni, hata kwenye karatasi za kazi.

Furaha alisoma vizuri kunishinda. Nikichoka, alikichukua kitabu, akamfanya shemeji mbaya azungumze kwa sauti ya pua, na wanawake wakapiga makofi.

Mama Mratibu aliamua kufungua chumba cha pili huko Kabezi, karibu na Bujumbura, akanipa kazi ya kukianzisha. "Ni wewe unayejua kushona," akasema. "Ukishafundisha mwenzako, nitakurudisha." Nikamwacha Furaha kwa mama yangu, ambaye tuliishi naye hapa Rumonge, ili asikatize shule, nikawa napanda basi dogo kwenda Kabezi mwanzo wa juma na kurudi mwisho wa juma. Chumba kile kilikuwa na rafu mbili na bati linalovuja. Nilikipenda. Mwenzangu niliyemfundisha alikuwa na mikono myepesi, na tulikuwa karibu kumaliza.

Hapo ndipo mama aliponipigia simu. "Mutoto iko na homa. Njoo."

Nilifika nikamkuta hospitali, amelazwa karibu na dirisha. Midomo ilikuwa imekauka lakini alinijua. Nilikaa naye siku kadhaa. Alipopata nafuu kidogo aliniomba nimsomee sura inayofuata ya riwaya iliyokuwa ikisomwa Alhamisi, maana hakuweza kungoja. Nikaomba kitabu kiletwe. Kilikuwa kisa cha mama mmoja ambaye mwanawe anaugua, na katika sura ile kanisa zima linaomba, na mtoto anaamka, anaomba uji.

Furaha alisikiliza mpaka mwisho. Akatabasamu. "Na mimi, mama," akasema. "Kesho nitaomba uji."

Alifariki kesho yake mchana, wakati wanawake wanatoka sokoni. Nilizisikia sauti zao barabarani, wanaagana, na yeye mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu, unapoa.

Tulimzika. Walikuja watu wengi. Baada ya matanga, watu walipokutana nami njiani niliona wanavyosita. Hawakujua waniite nani. Wengine walisema "Mama" tu, wakaishia hapo, wengine waligeuza njia. Mama Zawadi peke yake ndiye aliyesimama mbele ya mlango wangu na kunisalimu kwa sauti ile ile ya sokoni, "Mama Furaha! Amahoro! Fungua, nimeleta maji."

Sikurudi kazini; Kabezi alibaki mwenzangu. Sikuweza kuona kitabu. Niliwaza juu ya wale waandishi, nikajiuliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kuponya watoto kwa kalamu. Mama Mratibu hakunisukuma. Siku moja alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda jikoni, akasema, "Alhamisi tunakuhitaji. Sitakuomba usome. Njoo ukae tu."

Nikaenda. Walikuwa wamenisubiri; riwaya ile haikuwa imeendelea tangu Furaha alipolazwa. Mama Mratibu aliifungua, akaona ni sura gani, akanitazama. "Leo tuiruke hii," akasema. "Tuanze inayofuata."

"Hapana," akasema Mama Zawadi. "Tusiiruke. Nipe nisome mimi."

Hakuwa amewahi kusoma mbele ya watu. Alikiweka kitabu magotini, akaweka kidole kwenye mstari, akaanza, silabi moja moja, ka-ni-sa, li-li-o-mba. Sura ambayo mimi ningeimaliza kwa muda mfupi, yeye aliibeba mchana kutwa. Hakuna aliyeondoka. Alipofika mahali mtoto anapoomba uji, aliondoa kidole, akakiangalia kitabu kwa hasira.

"Huyu amepona," akakiambia. "Sawa. Apone. Wa Mama Furaha hakupona. Wangu wawili walibaki njiani, na niliomba kushinda kanisa lenu hili." Akapangusa macho kwa kitenge. Kisha akarudisha kidole kwenye mstari, akasoma mpaka nukta ya mwisho.

Mpaka leo sijui kwa nini jambo lile lilinisaidia. Hakunifariji kwa neno lolote. Lakini kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amesema ndani ya chumba kile kwamba hakupona, akamtaja, na kitabu hakikufungwa.

Ikaja zamu ya shukrani. Mmoja baada ya mwingine walitaja vitu vyao vidogo, kwa sauti ya chini, kama watu wanaoona aibu kuwa na kitu. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimetafuta tangu asubuhi. Hapakuwa na kitu.

"Nitasema kwa ajili yake," akasema Mama Zawadi. "Leo Mama Furaha amechana nywele."

Na kweli nilikuwa nimechana nywele. Sikuwa nimejua.

Tangu siku hiyo, kwa muda mrefu, alisema kwa niaba yangu. Leo Mama Furaha amefagia uwanja. Leo Mama Furaha amemugombeza muuza nyanya. Mpaka Alhamisi moja, nikiwa nimesharudi kazini pale chumbani, nikasema mwenyewe, kwamba leo nimeota Furaha anasoma kwa ile sauti ya pua, na nikaamka nikicheka kabla sijakumbuka. Wanawake walipiga makofi, nikalia, nikaishona kazi ya siku hiyo vibaya mpaka ikabidi niifumue.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Kilichonistaafisha ni ziwa. Ninyi mmeliona lilivyopanda, mvua baada ya mvua, mpaka likaingia kwenye nyumba za ufukweni na kukaa humo kama mwenye nyumba. Chumba chetu kilikuwa chini, karibu na maji. Tulihamisha tulivyoweza, lakini rafu za chini zililowa zote. Tulianika vitabu juu ya mabati na juu ya nyasi. Gundi ya muhogo ikilowa inarudi kuwa uji. Mafungu yaliachia, karatasi zikavimba, zikashikana, ukizitenganisha zinachanika. Nilikaa pale na uzi wangu na sindano, nikijaribu kimoja, nikiacha, nikijaribu kingine.

Mama Mratibu alikuwa amezeeka naye. Alinishika bega. "Mama Furaha, hivi havishoneki tena," akasema. "Twende nyumbani." Hivyo ndivyo nilivyoacha kazi. Hapakuwa na sherehe.

Nyumba ya Mama Zawadi ilichukuliwa na maji hayo hayo. Alihamia Gatete kwa Zawadi, ambaye sasa ni mama wa watoto wakubwa, na huko akaanza kuugua, tumbo, kisha miguu. Nikawa naenda kumwona kila Alhamisi. Nilikuwa na riwaya moja iliyosalimika kwa sababu ilikuwa kwangu ikisubiri kushonwa, na ambayo sikuwahi kuisoma. Ni kisa cha mwanamke fundi cherehani ambaye mumewe ameondoka zamani, watoto wametawanyika, na sehemu kubwa ya kitabu ni yeye kuwatafuta mmoja mmoja.

Nilimsomea sura moja kila nilipokwenda. Mimi macho yangu yamepungua nguvu, yeye masikio. Nilisoma polepole na kwa sauti kubwa, na majirani nao wakawa wanasikia. Alikuwa mkali vile vile. "Huyu mume ni mujinga," alisema kila alipotajwa.

Alhamisi ya mwisho alikuwa amekonda sana. Zawadi alimwinua, akamwekea mto mgongoni. Nikasoma sura ambamo yule fundi amewapata watoto wote, hata mume amerudi, na wamekaa mezani. Mwandishi ameieleza meza ile kwa kirefu: nani kakaa wapi, nani anamcheka nani, nani anaomba pilipili. Nilipogeuza ukurasa kuanza sura inayofuata, Mama Zawadi alinyanyua mkono.

"Iko mingi bado?" akauliza.

"Imebaki sura mbili."

"Basi acha hapo, Mama Furaha. Usiendelee." Akafumba macho. "Wako wote. Wanakula. Kwa leo nashukuru hilo."

Nikafunga kitabu. Tulimzika kabla ya Alhamisi nyingine kufika.

Vijana huniuliza kama kazi ile ilinipa kitu. Nasema imenipa mikono inayouma wakati wa mvua, na watu. Kila jioni bado natafuta jambo moja dogo la siku. Kuna siku silioni, na sasa hakuna wa kunisemea. Siku hizo nalala hivyo hivyo.

Kitabu cha fundi cherehani nimekishona vizuri na uzi wa nyavu, na ninakiazima kwa yeyote anayetaka. Wanakipenda. Wakikirudisha huanza kunisimulia zile sura mbili za mwisho, na mimi nawaomba, tafadhali, wasiniambie.