Kitabu cha Kwaya Juu ya Jiko

Chekeni tu, hata mimi nimejicheka. Ukungu wa huku Iringa unaotesha kuvu hata kwenye Biblia. Mwalimu wa kwaya aliponikabidhi kitabu chetu kikongwe cha nyimbo, akaniambia, "Mama Neema, kisipate unyevu," nikajiona mtaalamu. Nikakitundika juu ya jiko la kuni, kando ya nyama ya nguruwe tunayoikausha kwa moshi.

Kilikauka kweli! Jumapili mwalimu akakifungua, kanisa zima likanukia nyama. Mchungaji akauliza nani kaja na chakula ibadani. Nikamkazia macho jirani yangu.

Ndipo mbwa akaingia, akakipokonya kitabu mikononi mwa mwalimu, akatoka nacho mbio.

Mwalimu akanigeukia. "Mama Neema, nilikwambia ukitunze. Wewe umekibanika?"